UZI: Jimbo kubwa na jimbo dogo wakae vipi bunge moja? Ugomvi wa Philadelphia 1787 (mrefu, vuteni viti)

MbebaBoksi (mwenye uzi)

Wakuu za mida. Mimi niko Columbus, Ohio, napiga zamu ya usiku ghalani. Kuna mwaka nilikuwa najiandaa na mtihani wa uraia wakanipa kale kakijitabu ka maswali 100, mengi ni ya kukariri tu, bendera ina mistari mingapi, rais wa kwanza nani. Sasa mle kuna swali linauliza kwa nini majimbo mengine yana wawakilishi wengi kuliko mengine, na jibu ni mstari mmoja, kwa sababu ya idadi ya watu. Sawa, nikakariri. Halafu humo humo wanakwambia maseneta wako 100 na majimbo 50, piga hesabu, wawili wawili kila jimbo hata liwe na watu wangapi. Nikasema ngoja kwanza, huku mnahesabu vichwa, kule hamhesabu, mlikubaliana nini nyie watu?

California sensa ya 2020 ina watu milioni 39 na nusu. Wyoming haifiki hata laki 6, ni 576,851. Seneti wote wawili wawili. Yaani mtu mmoja wa Wyoming ukimweka kwenye mizani ya seneti anabeba watu kama 68 wa California. Nikaanza kusoma soma wakati wa mapumziko ya saa tisa usiku, na leo nataka kuwamwagia nilichokiokota, maana naona huku nyumbani kila ukianza mjadala wa katiba mtu anakwambia "wenzetu Marekani walikaa wakafikiria kwa hekima". Hekima ilikuwepo, sikatai, ila na mengine yalikuwepo.

Kabla sijaenda mbali, nikisema jimbo hapa sio jimbo la mbunge wako, ni yale 13 yaliyokuwa makoloni ya Mwingereza. Baada ya vita vya uhuru walikuwa na mkataba wao wa kuungana, bunge lenyewe chumba kimoja, kila jimbo kura moja. Virginia kubwa kura moja, Delaware ndogo kura moja, na kubadilisha neno lolote la ule mkataba lazima wote 13 wakubali. Serikali ya juu haiwezi kutoza kodi, inaomba omba tu michango majimboni na wengi hawatoi.

Ndio wakaitana Philadelphia Mei 1787. Majimbo 12 yalituma watu, Rhode Island ikagoma kabisa. Kwa ujumla walipita wajumbe 55, Washington mwenyekiti, mlango una mlinzi na marufuku kutoa nje maneno ya ndani. Tunajua mengi kwa sababu James Madison wa Virginia alikuwa anaandika kila siku, na daftari lake limekuja kuchapwa 1840 mwenyewe ameshakufa.

Mei 29 Virginia wanaleta mpango wao, bunge la vyumba viwili, na vyote viwili viti vigawanywe kwa ukubwa wa watu au kwa mchango wa fedha. Wadogo wakashtuka. Kesho yake tu George Read wa Delaware anasimama anawaambia sisi hati zetu za kutumwa hapa zimetukataza kugusa kura sawa, mkipitisha hilo huenda ikatubidi tuondoke. Siku ya pili ya mazungumzo ya maana mtu ameshataja mlango!

Juni 9 ndio nilicheka peke yangu ghalani hadi msimamizi akageuka. Brearley wa New Jersey kasema kwa hesabu hizi Virginia atakuwa na kura 16 na Georgia moja, basi dawa ni hii, leteni ramani ya nchi mtandike hapa mezani, futeni mipaka yote mkate upya vipande 13 vinavyolingana. Kimya. Hakuna mkubwa aliyekuwa tayari kukatwa. Mwenzake Paterson akasema New Jersey haiungani kwa mpango ule, itamezwa. Wilson wa Pennsylvania akajibu kwa hasira, hivi mnataka watu 150 wa kwetu ndio wawe sawa na 50 wa kwenu?

Niambieni, nani hapo ana haki? Mimi kila nikisoma naona wote wawili.

Naweka koma hapa, narudi na siku kura ilipogonga mwamba. Hiyo ndio tamu.

---

Kijiwe_Nongwa

Nimetandika mkeka kabisa, kahawa na kashata ziko mkononi. Endelea mkuu.

---

FundiCherehani

Mkuu nondo nzuri ila mi niko na Wilson asilimia mia. Kura ni ya MTU sio ya ardhi, jimbo ni mstari tu kwenye karatasi, mtu ndio analipa kodi, mtu ndio anakwenda vitani. Ukimpa Delaware sawa na Virginia umemwambia yule wa Virginia kuwa yeye ni nusu mtu, tena hata nusu hafiki. Wadogo walikuwa wanalinda ulaji wao tu, wameshazoea kura moja ya bure.

---

Mtoto_wa_Darajani

FundiCherehani kaka yangu unasema hivyo kwa sababu upo upande mkubwa. Sisi huku visiwani tunaelewa anachosema Paterson bila ya kutafsiriwa. Wewe unaingia kwenye muungano una nchi yako, una serikali yako, una bendera yako, halafu ukifika ndani unaambiwa sasa wewe ni asilimia tatu. Angalia sensa ya 2022, Zanzibar watu milioni 1.89 katika milioni 61.7. Kwa hesabu yako ya vichwa tungepata viti vinane hivi vya majimbo. Tunavyo 50 na wengine watano wanatoka Barazani, na nyinyi kila siku mnatusema kwa hivyo viti.

Lakini viti si kitu, kitu ni ile ibara ya 98. Mambo yale ya Muungano yaliyoorodheshwa huwezi kuyageuza mpaka upate theluthi mbili ya wabunge wa Bara NA theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, mbali mbali. Hiyo ndiyo Seneti yetu iliyojificha ndani ya chumba kimoja. Kwenye kura hiyo mdogo na mkubwa wako sawa.

---

FundiCherehani

Haya sheikh, hapo kwenye 98 umenipiga chenga. Ila bado sijahama.

---

MbebaBoksi

Darajani umegusa penyewe. Nimerudi, tuendelee.

Mwezi wa sita mzima wanazozana tu. Paterson alileta mpango wake Juni 15, chumba kimoja kura sawa kama zamani, tarehe 19 ukapigwa chini kura saba kwa tatu, Maryland wenyewe wamegawanyika. Kumbukeni mle ndani kura ni ya jimbo, wajumbe wa jimbo wanakubaliana wao kwanza, wakilingana nusu kwa nusu kura yao imekufa. Hii ishikeni vizuri.

Chumba cha chini ikakubalika taratibu kuwa kitafuata watu. Ugomvi ukabaki Seneti, yaani chumba cha juu. Connecticut, hasa mzee Roger Sherman, toka Juni 11 anasema si tugawane tu, chini vichwa juu usawa, hakuna anayemsikiliza. Juni 30 Gunning Bedford wa Delaware akapasuka, akawaambia wakubwa uso kwa uso kwamba siwaamini waungwana, na mkiuvunja muungano basi wadogo watatafuta mshirika wa nje mwenye heshima na uaminifu kuliko nyie awashike mkono. Nchi ina miaka minne tu tangu Mwingereza asaini amani, mtu anatishia kwenda kwa wageni! Siku zilizofuata akajitetea kuwa hakumaanisha vile. Lakini neno likishatoka limetoka.

Sasa Jumatatu Julai 2. Swali ni moja, Seneti iwe kura sawa, ndio au hapana. Wanaita kuanzia kaskazini kushuka kusini. Maryland walitakiwa wawepo wawili, Luther Martin anayetaka usawa na mzee mmoja anaitwa Daniel of St. Thomas Jenifer ambaye hautaki, kwa hiyo kawaida kura zao zinauana. Asubuhi ile Jenifer hajafika. KACHELEWA. Martin yuko peke yake, Maryland ikahesabiwa ndio. Wakaendelea kushuka hadi Georgia, ndio wa mwisho kuitwa, mpaka hapo ni tano kwa tano. Georgia wajumbe wawili tu, wenzao wengine wako New York kwenye bunge la zamani. Mmoja Houstoun kapiga hapana. Mwingine Abraham Baldwin kapiga ndio, Georgia ikafa, matokeo tano tano. Baldwin huyo kazaliwa na kusomea Connecticut, kahamia Georgia miaka michache tu nyuma. Kwamba alifanya makusudi kuokoa mkutano au vipi, watu wanabishana mpaka leo.

Kura imekwisha tu, Jenifer huyo anaingia mlangoni. Rufus King wa Massachusetts akaomba irudiwe. Wakamkatalia.

Yaani hapo ndio nawaambia, kama mzee yule angewahi, wadogo wangeshindwa siku ile tano kwa nne, na tusingejua nchi ile ingekuwaje. Ikaundwa kamati ya mtu mmoja kila jimbo, na waliochaguliwa ukiwaangalia unajua tayari jibu, Virginia hawakumweka Madison wakamweka George Mason, Pennsylvania wakamweka mzee Franklin badala ya Wilson, mwenyekiti Gerry. Wabishi wakuu wa upande wa wakubwa nje! Wakapumzika sikukuu yao ya uhuru, tarehe 5 ripoti imetoka, chini vichwa juu usawa, na kuwapoza wakubwa wakaambiwa miswada ya fedha itaanzia chini kwenu.

Julai 16 kura ya mwisho. Connecticut, New Jersey, Delaware, Maryland na North Carolina ndio. Pennsylvania, Virginia, South Carolina, Georgia hapana. Massachusetts imegawanyika. New York wawili wameshasusa tangu tarehe 10 wamerudi kwao, New Hampshire hata hawajafika wamekuja wiki iliyofuata. Tano kwa nne. Kesho yake asubuhi wakubwa wakakaa kikao chao pembeni kuona wafanyeje, wakatoka mikono mitupu.

Madison alikuwa na hoja bora kuliko wote mle ndani na alishindwa. Mimi nachosema ni hiki, hakuna aliyemshawishi mwenzie haki ni ipi. Walioweza kutikisa kitasa cha mlango ndio walipata.

---

Bibi_Harusi_Mbeya

Mkuu umeandika vizuri sana lakini nasubiri nasubiri naona unapita pembeni. Unasema vichwa vichwa vichwa. Vichwa vya NANI? Mwaka 1787 Virginia imejaa watu weusi watumwa. Walihesabiwaje hao? Au ndio wale wa kubeba viti wengine wakae?

---

Kijiwe_Nongwa

Haya sasa. Dada kamwaga upupu.

---

MbebaBoksi

Dada Bibi_Harusi nilikuwa nakuja huko naapa, ila umenikamata na kweli ningeanza nako.

Sensa ya kwanza 1790, Virginia bila Kentucky ilikuwa na watu kama laki 7 na 47 elfu hivi, na katika hao zaidi ya laki 2 na 90 elfu ni watumwa. Delaware nzima watu 59 elfu na ushee. Kwa hiyo ule "ukubwa" wa Virginia, karibu watu wanne katika kumi hawana kura, hawana jina kwenye karatasi, wanauzwa sokoni.

Wa Kusini wakataka wahesabiwe. South Carolina, akina Butler na Pinckney, walitaka wahesabiwe wote wazima wazima! Sio kwa kuwapenda, ila kila kichwa cha mtumwa kinaongeza kiti cha bwana wake. Gerry wa Massachusetts akauliza, kama nyie mnawaita mali, kwa nini mali ya Kusini ipate viti na ng'ombe na farasi wa Kaskazini wasipate? Paterson, yule yule wa wadogo, Julai 9 akauliza, huko kwenye mabunge yenu ya majimbo watumwa wana uwakilishi? Hawana. Sasa iweje wawe nao kwenye bunge la taifa? Na mkikutana wananchi wenyewe bila wajumbe, mtumwa atapiga kura? Hapigi.

Swali lake halikujibiwa, likapitiwa. Julai 12 wakapitisha sehemu tatu za tano, watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, hesabu waliyoitoa kwenye mpango wa kodi wa 1783. Yaani hesabu ya kutafutia kodi ndio wakaifanya ya kugawia viti.

Piga mwenyewe, tatu ya tano ya laki 2 na 90 elfu ni kama laki moja na 75 elfu. Baada ya sensa ile kiti kimoja kilikuwa watu 33,000. Virginia peke yake imepata kama viti vitano kwa migongo ya watu ambao wabunge wale wale walikuwa wanawamiliki. Na kwa kuwa kura za kumchagua rais nazo zinafuata idadi ya viti, ikaingia mpaka Ikulu.

Cha ajabu Madison mwenyewe aliwaambia Juni 30, jamani mnajisumbua na kubwa na ndogo, mgawanyiko wa kweli hapa ni Kaskazini na Kusini, wenye watumwa na wasio nao. Alikuwa anajua, naye anawamiliki. Ule ugomvi wa ramani niliocheka ghalani ulikuwa pazia tu, dada, na mimi nimeuanza uzi kwa pazia.

---

Bibi_Harusi_Mbeya

Asante kwa kukiri. Ss FundiCherehani njoo na kura yako ya MTU.

---

FundiCherehani

Nimeona. Nimenyamaza kwa heshima. Ila tuseme ukweli basi, kosa hapo sio kuhesabu vichwa, kosa ni kuhesabu kichwa usichompa kura.

---

Amu_Mkomani

Salaam wadau. Mie wa Lamu. Kaka zangu wa Tanzania nawaona mwabishana kama kwamba jambo hili liko mbali. Sisi Kenya tuna Seneti, kaunti 47, kila kaunti yachagua seneta mmoja. Sensa ya 2019 Lamu watu 143,920, Nairobi milioni 4 na laki karibu nne. Huyo wa Nairobi na wetu, kwenye miswada inayohusu kaunti, kila kaunti ni kura moja. Nairobi wako mara 30 yetu na tunalingana.

Na si mara ya kwanza. Tulipopata uhuru 1963 tulikuwa na Seneti ya watu 41, haikumaliza hata miaka minne ikavunjwa ikaunganishwa na bunge la chini. Waliokuwa wadogo wakalala nayo hivyo, hadi Seneti ikarudi 2013. 2020 wakati wa fomula ya kugawa pesa walivutana vikao kumi, kila siku waahirisha, sababu wenye watu wengi wasema pesa ifuate watu, na wenye ardhi pana na watu wachache wasema mkituhesabu vichwa tutakufa. Nilikuwa duka la mjomba tukisikiliza redio, mzee mmoja akauliza, hivyo nchi kavu isiyo na maji ina haja ndogo kwa sababu watu ni wachache? Hakuna aliyemjibu.

---

Mtoto_wa_Darajani

Umeona sasa. Seneti yenu ilivunjwa kirahisi kwa sababu haikufungwa kufuli.

---

WakiliWaMchongo

Hapo Darajani umenipa mlango wa kuingia. Wadogo wa Philadelphia walifunga. Siku za mwisho kabisa, Septemba 15, mzee Sherman yule yule akawa na wasiwasi kwamba kesho na keshokutwa watu watabadilisha katiba wawanyang'anye. Wakaongeza maneno kwenye ibara ya 5, hakuna jimbo litakalonyimwa usawa wa kura kwenye Seneti bila ridhaa yake lenyewe. Yaani hata majimbo 49 yakikubali, Wyoming akisema sitaki, basi. Mengine wamebadilisha mengi, 1913 maseneta wakaanza kuchaguliwa na wananchi badala ya mabunge ya majimbo, zile tatu za tano zilikufa na utumwa baada ya vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Ila wawili wawili hawagusi.

Na Washington DC pale makao makuu sensa ya 2020 ina watu karibu laki 6 na 90 elfu, inaizidi Wyoming, seneta hana hata mmoja. Kwa nini? Sio jimbo. Hakuna aliyewakalia mezani 1787.

---

Kijiwe_Nongwa

Sasa mbona mnaenda mbali, hapa kwetu Arusha Bunge la Afrika Mashariki kila nchi wabunge 9. Burundi 9, Tanzania 9, Rwanda 9, na Kongo nayo ikaingia 2022 na mamilioni yake yote haki yake ni 9. Mnaona ni sawa?

---

FundiCherehani

Si sawa. Mkongo mmoja kaonewa mno.

---

Amu_Mkomani

Ni sawa kwa jumuiya. Ikiwa siku moja itakuwa shirikisho hasa lenye kodi moja na jeshi moja, hapo ndipo Mkongo ataleta ramani yake.

---

Mtoto_wa_Darajani

Na hapo ss tutauliza Zanzibar inaingia kwa jina gani, ndani ya zile 9 za Tanzania au vipi. Philadelphia hawakuwa na nchi ndani ya nchi.

---

MbebaBoksi

Hilo swali lako Darajani ni la uzi mwingine na silianzishi mimi, nina familia.

Ila kwa Kijiwe, angalia EAC kwa muda mrefu michango nayo ilikuwa sawa kwa sawa, tajiri na maskini mnatoa kiasi kile kile. Hapo usawa wa viti unakaa. Ukianza kumwambia mkubwa achangie zaidi, ndani ya wiki ataulizia viti, ndio ule mpango wa Virginia wa Mei 29 neno kwa neno, viti kwa watu au kwa mchango. Nikipata muda nitatafuta bajeti zao nilete.

---

Bibi_Harusi_Mbeya

Mkuu kabla hujaondoka, mtihani ulipita? Na hilo swali walikuuliza?

---

MbebaBoksi

Nilipita dada. Wakati ule afisa alikuwa anauliza mpaka kumi, ukipata sita anaacha. Mimi alifika la sita akafunga faili. La wawakilishi hakuniuliza, aliniuliza mto mrefu, nikamwambia Mississippi. Nimeitwa zamu, tutaonana asubuhi.